Kamba Kumi na Moja za Ndama

Enzi zetu sisi, mtoto hakufika shuleni akiwa anaimba namba mpaka mia kama kasuku. Alifika na vumbi miguuni, kiazi cha kuchoma mkononi, na masikio mawili ya kuvutwa. Kuhesabu tulikukuta hukohuko, na wengine, mimi nikiwemo, nusura kutushinde. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliopimwa umri kwa kupitisha mkono juu ya kichwa mkashika sikio la upande wa pili. Vijana mkitaka kusoma, someni, ila msinisahihishe. Nimeishia darasa la nne na sioni haya kulisema. Mashine ya kukoboa mpunga niliyonayo hapa Kagongwa haijawahi hata siku moja kuniuliza cheti.

Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa Isaka, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka hapa nilipo. Miaka michache ilikuwa imepita tangu Uhuru. Nakumbuka ua wa minyaa uliozunguka boma, na utomvu wake mweupe tuliokatazwa kuugusa tukaugusa. Nakumbuka harufu ya mavi ya ng'ombe yaliyonyeshewa, ambayo mtu wa mjini huizibia pua na mimi nikiisikia hadi leo nahisi njaa, kwa sababu iliambatana na maziwa. Maziwa mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Ugali wa mtama, mweusi, mgumu, ukiurusha ukutani unarudi. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, iliyochemshwa na karanga mpaka mchuzi wake ukawa mtamu wenyewe bila sukari. Mlenda! Wajukuu zangu ukiwawekea mlenda wanauliza kama chakula kimeharibika.

Mchezo wetu wasichana ulikuwa mdako. Unachimba kishimo, unaweka kokoto, unarusha moja juu, na kabla haijatua umezitoa zote shimoni. Unarusha tena, unazirudisha, unabakiza moja tu. Mara ya pili unabakiza mbili, kisha tatu. Jicho liko juu, mkono uko chini. Nilikuwa hodari, nasema kweli tupu. Mabinti walionizidi miaka mitatu walikuwa wakiniona nakuja wanazificha kokoto zao. Kwa hiyo mtu asije akasema nilizaliwa mzito wa hesabu. Sikuzaliwa mzito. Niliingia kwenye matatizo kwa sababu ya ndama.

Kwetu ng'ombe hawakuhesabiwa. Watoto pia. Ukisimama zizini ukawanyooshea kidole, mmoja, wawili, watatu, ilikuwa sawa na kuwaita wakutoke. Baba yangu, Mzee Luhende, hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hilo alitueleza tukiwa bado tunatambaa. Wala msidhani hakuijua mifugo yake. Jioni alisimama pembeni ya lango la zizi, kiko mdomoni, ng'ombe wakaingia wakisukumana, naye akiwatazama kama mtu anayewaza mambo mengine kabisa. Wa mwisho akishaingia, baba alisema, "Yule mwekundu wa pembe moja hayupo." Na kweli hayupo. Alimjua kila mmoja kwa rangi yake, kwa mama yake, na kwa ubaya wa tabia yake. Namba hakuihitaji.

Kitu kilichoruhusiwa kuhesabiwa ni kile kisicho na pumzi. Kamba, kwa mfano. Baba alisokota kamba za katani za kufungia ndama wakati wa kukamua, na zilikuwa kumi na moja, zimefungwa kwenye gogo moja refu kando ya zizi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kumfungulia ndama mmoja anyonye kidogo mpaka maziwa yashuke, kisha nimvute kwa nguvu nimfunge tena, mama aingie na kibuyu. Ndama ana nguvu, jamani. Nimeburutwa kwenye matope mara nyingi kuliko nilivyochapwa, na nilichapwa sana.

Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa nyasi. Darasa la kwanza tulikaa chini na kuandika mchangani kwa kidole. Ukikosea unafuta kwa kiganja, hakuna gharama. Kila mtoto alikuwa na vijiti vyake vya kuhesabia, amevikata mwenyewe, kumi kumi, vimebanwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Elieza, kijana mwembamba kutoka milima ya Upare, suruali yake imenyooka hata wakati wa masika, sijui alifanyaje. Kisukuma hakukijua hata cha kuombea maji. Sisi nasi Kiswahili tulikuwa tunakiokota. Lakini alikuwa mwalimu kweli. Alitaka tuelewe, na ndiyo maana hakutaka kutufundisha kwa vitu tusivyovijua. Akafikiri: hawa ni watoto wa wafugaji, nitawafundisha kwa ng'ombe. Masikini! Hakuna kosa alilolitenda kwa nia njema kuliko hilo.

Siku moja akauliza darasa zima, "Nani anafunga ndama nyumbani?" Nikanyoosha mkono. "Kabula. Unafunga ndama wangapi?"

Nilijua ni mwiko. Lakini mwalimu alikuwa ananitazama mimi, watoto wote wananitazama mimi, na mimi napenda kutazamwa, hata leo. Nikayafumba macho, nikaliona lile gogo na kamba zake, nikasema, "Wanane."

"Vizuri sana! Mpigieni makofi." Wakanipigia. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Siku ya nne ndama mwenye paji jeupe alikataa kunyonya. Masikio yalilegea, tezi zikavimba shingoni, anahema kama mzee aliyepanda mlima. Siku ya sita alikufa. Baba alimtazama, akavuta kiko, akasema, "Ndigana," akaondoka. Lakini mimi nilijua. Haikuwa ndigana, ile homa ya kupe. Ilikuwa mimi. Nilimtaja kwa namba mbele ya watu kwa ajili ya makofi, na yeye akaitika. Kamba yake ilibaki inaning'inia kwenye gogo, na kila jioni nilikuwa nafunga ndama nimeipa mgongo.

Sikumwambia mtu. Nilifanya kile ambacho mtoto wa miaka saba anaweza kufanya: nilifunga mdomo. Mwalimu akiuliza, "Ng'ombe watano na ng'ombe wanne?" kimya. "Mama ana watoto sita, wawili wameenda kisimani?" kimya. Hesabu zake zote zilikuwa na pumzi. Na zile za kutoa ndizo zilinitia jasho, kwa maana mwalimu hakuona tabu kusema, "Baba ana ng'ombe tisa, watatu wamekufa." Anasema hivyo huku anatabasamu! Nilikuwa nafikiri, huyu mtu ana roho gani? Watoto wengine walinong'ona majibu wakiangalia chini, wengine walikuwa wanabahatisha namba yoyote ili isiwe ya kweli. Mimi sikunong'ona. Nilichapwa mkononi, nikachapwa miguuni, nikarudi kukaa.

Mtoto mmoja, Shoma, aliyekuwa anakaa nyuma yangu, akaanza kuniita Gogo. "Gogo, mwalimu anakuita." "Gogo, sogea, unaziba mwanga." Nilimpiga wakati wa mapumziko, akanyamaza, lakini jina lilikuwa limeshaenea.

Ikabaki wiki moja na kitu tumalize mwaka. Mwalimu akatangaza kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata atamwita kila mtoto mbele, na asiyeweza kujumlisha na kutoa ataanza upya darasa la kwanza. Habari ikafika nyumbani kabla yangu. Baba akasema akiwa ananoa shoka, bila hata kunitazama, "Akirudishwa, ndiyo mwisho. Mdogo wake anahitaji mgongo wa kubebwa, na shamba la pamba linahitaji mikono. Siwezi kumtoa mtu kwenye kazi aende kukaa mchangani miaka miwili." Mama alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Nami nilikuwa naipenda shule. Niliipenda ile harufu ya chaki, hata ile fimbo niliizoea. Usiku huo nililala nikiwaza namna ya kujibu maswali bila kumuua mtu.

Jumamosi jioni, ng'ombe ndio wanaingia zizini, Mwalimu Elieza akatokea na baiskeli yake. Akaiegemeza kwenye ua wa minyaa, jambo ambalo mtu wa kwetu asingelifanya, akajifuta vumbi.

"Hodi wenyeji! Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Karibu, kaa." Hapo Kiswahili cha baba kikawa kimefika mwisho wa safari yake.

Mama akaleta kigoda na kata ya maziwa. Mwalimu, kwa kutaka kumfurahisha mwenyeji, akageukia zizini. "Mzee, Mungu amekubariki," akasema, kidole juu. "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano..."

Baba akatoa kiko mdomoni. Akaniambia kwa Kisukuma, taratibu, "Kabula. Mwambie mwalimu wako ateremshe kidole."

Mimi nitamwambiaje mwalimu ateremshe kidole? Nikasema, "Mwalimu, baba anasema karibu maziwa."

"Ahsante sana. Saba, wanane, tisa..."

"Umemwambia?" baba akauliza.

"Nimemwambia."

"Mbona bado kimesimama?"

Nikamgeukia mwalimu. "Baba anasema maziwa ni ya leo."

"Anaonekana mkarimu sana. Kumi na mmoja, kumi na wawili..."

Baba akanyanyuka. Hapo mama, ambaye hakuwa anaingilia mazungumzo ya wanaume, alipiga kelele kutoka jikoni, "Weee Kabula, mwambie mtu wa watu kabla baba yako hajashika fimbo!"

Nikamwambia. Nikamweleza yote kwa Kiswahili changu cha kuokota: kidole, ng'ombe, kuhesabu, mwiko. Uso wa mwalimu ukabadilika. Akakiangalia kidole chake kama nyoka aliyemkuta ndani ya kiatu, kisha akaweka mkono wote chini ya paja na kuukalia. "Nisamehe, mzee. Sikujua. Kwetu tunahesabu hata mbuzi wa jirani."

Nikatafsiri. Baba akasema, "Ndiyo maana hawana mbuzi," akaketi. Hilo sikulitafsiri.

Mwalimu akaeleza kilichomleta. Kwamba mimi si mjinga, ameniona nikicheza mdako, mkono wangu una akili. Lakini darasani sifungui mdomo, na Ijumaa inakuja. Kama kuna jambo nyumbani, alitaka kulijua. Baba akajibu kwamba kama sijibu, basi nitabaki nyumbani, na kazi ipo. Yote hayo yalipita mdomoni mwangu mimi. Nilitafsiri kesi yangu mwenyewe, upande wa mashtaka na upande wa hukumu.

Mama akaniita nikafunge ndama. Mwalimu akanifuata mpaka kwenye gogo, mikono sasa ikiwa mfukoni, yote miwili. Akasimama anazitazama zile kamba muda mrefu.

"Kabula, hizi naruhusiwa kuziuliza?"

Nikamuuliza baba. Baba akasema, "Kamba ni kamba. Nimezisokota mwenyewe, kumi na moja."

"Ni kumi na moja," nikamwambia mwalimu.

"Zisizo na kitu ngapi?"

"Nne." Wala sikufikiri.

"Basi zenye kitu?"

"Saba."

Imetoka. Nilisikia neno lenyewe likitua chini, na macho yangu yakaenda kwenye ile kamba ya paji jeupe, nikaanza kulia. Sikulia kilio cha fimbo. Nililia kile kingine, kinachotoka tumboni. Mama akaja mbio na kibuyu mkononi akifikiri nimekanyagwa. Nikasema yote kwa Kisukuma, kwamba niliwahesabu ndama shuleni, wakanipigia makofi, na yule wa paji jeupe amekufa kwa ajili yangu. Na sasa nimesema tena, saba, na mwingine atakufa.

"Anasema nini?" mwalimu akauliza. Hakuna aliyejua Kiswahili cha kutosha isipokuwa mimi. Ikabidi nirudie, kwa Kiswahili, huku kamasi zinanitoka.

Baba akaja taratibu, akaishika ile kamba tupu, akaichezea kwa vidole kama anatafuta mahali ilipokatika.

"Siku ile shuleni, uliwanyooshea kidole?"

"Hapana."

"Uliwatazama?"

"Nilikuwa shuleni, baba. Niliyafumba macho. Niliona kamba. Kumi na moja, na tatu hazina kitu."

Akavuta kiko. Kilikuwa kimezimika, lakini akavuta.

"Basi hukuhesabu ndama. Umehesabu kamba." Akaiachia. "Ndama kafa kwa ndigana. Wa Mzee Nkwabi pia wamekufa watatu, na kwake hakuna hata mtoto mmoja anayesoma. Nyamaza, fanya kazi. Na mwambie mwalimu wako kamba aulize mpaka achoke."

Ndiyo, alisema watatu. Mama alimtazama. Maisha yake yote sikuwahi kumsikia akitaja idadi ya mifugo ya mtu, isipokuwa jioni ile. Na mpaka leo, nimeshakuwa mzee kuliko alivyokuwa yeye, sijui kama aliamini alichoniambia au alikisokota palepale kama alivyosokota kamba, ili nipate cha kushika. Sikumuuliza. Baba zetu hawakuulizwa vitu kama hivyo.

Jumatatu Mwalimu Elieza aliingia darasani, akauliza, "Nani amekatazwa nyumbani kuhesabu ng'ombe?" Mikono ikanyooka karibu darasa zima, na wa Shoma ulikuwa wa kwanza. Mwalimu akabaki anatutazama. Mwalimu wa enzi zile hakuomba radhi kwa mtoto, msidanganyike. Lakini alichukua fimbo yake akaichomeka juu kwenye nyasi za paa, na katika somo la hesabu haikushuka wiki ile yote. Akatwambia kesho yake kila mtu aje na kitu kisicho na pumzi. Tukaja na mbegu za ukwaju, punje za mahindi, makaa, vipande vya kamba. Mtoto mmoja alikuja na jino lake. Na darasa lililokuwa linanong'ona likaanza kupiga kelele za majibu mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Nyumbani napo mama akalichukua jambo mikononi mwake. Mama yangu hakujua kuandika hata jina lake, lakini siku zile zilizobaki hakunipumzisha. Tukipanda karanga: "Kila shimo mbegu mbili. Mashimo ya mstari huu ni sita. Nikupe mbegu ngapi?" Nikikosea, mbegu zinabaki mkononi au zinapungua shambani, na aibu naiona mwenyewe, sihitaji kuchapwa. Tukisuka tenga: "Pita juu ya mbili, chini ya moja. Umepita wapi? Fumua." Tukipika: mafiga matatu, vyungu viwili, kipi kinasubiri? Akigawa michembe, ananipa bakuli zima na kusema, "Gawa, wote wapate sawa, na inayobaki ni yako." Hakuna mwalimu duniani anayefundisha kugawanya kuliko mabaki ya michembe. Wala hakusema hata siku moja kwamba ananifundisha hesabu. Sidhani alijua inaitwa hivyo.

Ijumaa ikafika. Niliitwa mbele, nikasimama, na kupitia dirishani nikamwona baba chini ya kivuli cha ukuta, na fimbo yake ya kuchungia. Baadaye alisema alikuwa anatafuta ndume aliyepotea. Ndume alikuwa hajapotea. Asubuhi nilikuwa nimemwona zizini kwa macho yangu.

"Kabula," mwalimu akasema. "Kamba kumi na nne, tano zimekatika."

"Tisa."

"Kamba nane, baba amesokota nyingine sita."

"Kumi na nne."

"Kamba kumi na saba, panya wamekula tisa."

"Nane," nikasema, "na huyo paka yuko wapi?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, mimi namwona kwa mara ya kwanza meno yake yote. Nilipotazama dirishani, baba alikuwa ameshaondoka. Jioni ile hakunipongeza. Alinitupia kitu mapajani akapita kwenda zizini. Ilikuwa kamba ya kumi na mbili, fupi, laini, imesokotwa vizuri kuliko zote: ya kufungia vijiti vyangu vya kuhesabia, badala ya ule mpira wa baiskeli. Kuanzia hapo Shoma akaniita Kabula.

Nilisoma mpaka darasa la nne, shule ikaishia hapo. Ya kuendelea ilikuwa mbali, na wasichana hawakupelekwa mbali. Sikulia. Nilichokuwa nacho kilinitosha kuanzia. Nimelima pamba, nimeuza uji stendi Kahama, miaka ya themanini nimepeleka mchele kwa wachimba dhahabu wa upande wa Runzewe na Geita, wanaume wa vumbi na maneno makubwa waliofikiri mwanamke wa shamba atapunjwa kwenye debe. Walijaribu. Kila mmoja alijaribu mara moja.

Sasa nije kwa leo. Nina mjukuu, mtoto wa mwanangu Shija, ni somo yangu, naye anaitwa Kabula. Ana miaka sita. Anasoma shule ya magari ya njano na sweta, hata jua likiwaka. Baba yake amemnunulia kitu cha kuchezea cha kioo kinachoimba namba, na mtoto anaimba nacho mpaka mia moja bila kuvuta pumzi. Nikafurahi. Nikamwambia, "Somo, niletee vitunguu vitano." Akaniletea kumbatio zima. "Hivi ni vitano?" Akaniambia, "Ndiyo Bibi," na akaimba kuhakikisha. Watoto wa siku hizi wana namba nyingi mdomoni na hawana hata moja mkononi.

Muhula uliopita daftari lake likaja limeandikwa kwa wino mwekundu: mzito wa hesabu. Mkwe wangu alilia. Shija akataka kutafuta mwalimu wa ziada. Nikawaambia, "Nyamazeni. Mleteni kwangu likizo, na hicho kioo kibaki kwenu." Wakanitazama kama wanavyonitazama, lakini wakamleta.

Hatukufanya la ajabu. Ameandaa sahani za watu tuliopo, akakosea, baba yake mdogo akakosa sahani na kulalamika kama mtoto. Amepanda karanga, mbegu mbili kila shimo. Amecheza mdako, vidole vikamuuma, akazoea. Amegawa michembe, akaila inayobaki, naye ndiye aliyekuja akisema michembe inanuka. Alipofungua shule nilimsindikiza mwenyewe, nikamkuta mwalimu wake, binti mdogo mwenye adabu, ana watoto wengi mno na sauti imemkauka. Sikumgombeza. Nilimwachia mfuko wa mbegu za ukwaju. Wiki iliyopita nimepita pale, nimekuta kila mtoto ana fungu lake juu ya meza, na kelele ni zilezile za darasa letu. Nilisimama nje chini ya dirisha. Nilisema natafuta mtu wa mashine.

Jumapili hii jioni somo yangu alikuwa nami uani, mbegu zake zimemwagwa kwenye mkeka. Akaniuliza, "Bibi, baba yako alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Sijui," nikamwambia. Ni kweli. Sijawahi kujua. "Lakini naweza kukutajia."

Nikafumba macho, nikasimama langoni mahali pa baba. Mwekundu wa pembe moja. Mweusi mama wa mweusi. Wa madoa, mwizi wa mahindi. Wa kijivu aliyempiga teke mama. Wakaingia mmoja mmoja wakisukumana, na vumbi lao, na ile harufu yangu ya njaa. Wote walikwisha zamani, wengine kwa ukame, wengine kwa mahari za kaka zangu, na zizi leo ni uwanja wa nyumba ya mtu. Lakini jioni ile hakuna aliyekosekana. Nilipomaliza kwa ndama mwenye paji jeupe, nilifumbua macho. Mtoto alikuwa ameweka mbegu moja kwa kila niliyemtaja, zimepangwa kumi kumi, na midomo yake inacheza bila sauti.

"Nimepata, Bibi. Nikwambie?"

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kumziba mdomo. Miaka yote hii, na bado. Yeye akautazama ule mkono, akanitazama mimi. Nilishamsimulia habari ya kamba.

"Ni mbegu tu, Bibi," akasema. "Sijahesabu ng'ombe."

Nikaushusha mkono. "Haya, somo. Niambie."

Akanong'ona sikioni mwangu. Alikuwa amepatia, nilizirudia mbegu mwenyewe baada ya yeye kwenda kucheza. Enzi zetu tulikuwa na ng'ombe na hatukuwa na namba yao. Leo tuna namba na ng'ombe hatuna, na yupo mtoto anayejua kuitafuta kwa mkono wake. Namba hiyo siiandiki hapa.